Usimuue kozi kwa kosa la mwewe



Kila mvua zinapoanza na kuku wengi wanapototoa, swali linalonifikia kuliko mengine yote kutoka Buhongwa, Kishiri, Lwanhima hadi Luchelele ni hili: "Bwana shamba, mwewe wananimalizia vifaranga, nipe dawa ya kuwaua." Jibu langu ni lile lile. Dawa hiyo sina, na hata ningekuwa nayo nisingekupa. Leo nakueleza sababu, kisha nakueleza cha kufanya, maana kumwambia mfugaji "usiue" bila kumwonyesha njia nyingine ni kumkejeli.

Wote si mwewe

Shida ya kwanza ni majina. Ndege yeyote mwenye mdomo uliopinda na makucha tunamwita mwewe, na hukumu ikishatolewa kwa mwewe inawaangukia wote. Hebu tuwatenganishe.

Mwewe ni yule wa kahawia, mkia wake una panda kama mkia wa samaki, naye huzunguka angani taratibu bila kupiga sana mabawa. Ndiye unayemwona kila siku juu ya masoko, machinjio na mialo ya samaki. Huyu ni mwokotaji zaidi kuliko mwindaji. Anakula matumbo ya samaki, mizoga, panya waliokufa, na akiona kifaranga peupe hamwachi.

Kozi ni ndege mwingine. Mabawa yake ni marefu na yamechongoka, jicho lake ni jeusi, na wengi wao wana alama nyeusi chini ya jicho kama masharubu. Ukimtazama mdomo kwa karibu utaona kijino pembeni. Hicho hukitumia kuvunja shingo ya windo. Kozi wakubwa huwakamata ndege wenzao hewani: njiwa, tetere, kwelea kwelea. Yule anayeitwa kozi msafiri kwa wataalamu, anapojirusha kutoka juu kufuata windo, hupita kasi ya kilomita 300 kwa saa. Hakuna mnyama mwingine duniani anayefikia kasi hiyo. Kozi wadogo wao hula panzi, kumbikumbi, mijusi na panya.

Kozi hajengi kiota. Hutaga kwenye rafu za miamba mirefu, au huchukua kiota cha ndege mwingine, kama lile rundo kubwa la vijiti linalojengwa na fundichuma. Hapa kwetu majabali si ya kutafuta, na ndiyo maana ndege hawa ni majirani zetu.

Yupo pia kipanga mdogo wa kijivu na mweupe, mabega meusi, jicho jekundu. Utamwona amesimama hewani juu ya shamba akipiga mabawa papo hapo, kisha anashuka. Chakula chake karibu chote ni panya. Zamu ya usiku anaipokea bundi, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, ingawa sisi malipo tunayompa ni mawe kwa sababu tumeambiwa analeta mkosi. Bundi anayelia karibu na ghala lako amefuata panya wako.

Sitakudanganya. Kozi mkubwa anaweza kumchukua njiwa wako, na mara moja moja kifaranga. Lakini ukiweka kwenye mizani anachokula kwako na anachokuondolea shambani, mizani inaelemea upande wa faida.

Wanachokufanyia bila malipo

Panya shamba ni adui unayemjua. Unapanda mahindi leo, kesho unakuta mashimo kwenye mstari na mbegu haipo. Panya huyu hubeba mimba siku 23 tu na huweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Sasa linganisha na kozi: hutaga mayai matatu au manne, mara moja kwa mwaka, na makinda mengi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Ukiua panya 10, baada ya wiki chache pengo limezibwa. Ukiua kozi wawili waliokuwa wanaatamia kwenye jabali la kijiji chenu, unaweza kukaa miaka bila kuona wengine.

Kwelea kwelea nao unawajua, hasa wewe wa mpunga, mtama na uwele. Ndege mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi na anaweza kula karibu nusu ya uzito wake kwa siku. Wanaposhuka kwa maelfu, kozi na vipanga huwafuata. Sisemi kwamba kozi atamaliza kwelea au panya. Hamalizi. Ila kila anayekula ni mmoja pungufu, na hakutumii ankara.

Sumu haichagui

Sasa njoo kwenye ile "dawa". Wengi hupaka sumu kali ya wadudu kwenye kipande cha nyama au kwenye kifaranga aliyekufa, wakakiacha uwanjani. Mwewe anaweza kufa, ndiyo. Atakufa pia mbwa wako, paka wa jirani, kuku wako mwenyewe atakayedonoa mabaki, na tai atakayeshukia mzoga wa mbwa. Na mtoto anayetambaa hajui kutofautisha chambo na chakula.

Sumu ya panya nayo ina njia yake. Nyingi hazimuui panya papo hapo. Anakaa siku kadhaa akiwa mlegevu, anatoka mchana, na mlegevu ndiye anayekamatwa kwanza. Kipanga au bundi akila panya wa namna hiyo kadhaa, sumu inamrundikia mwilini naye anakwenda. Umewaua walinzi, wezi waliobaki wanaendelea kuzaa kila mwezi.

Ndivyo ilivyo hata kwenye kwelea. Serikali inaponyunyizia fenthion kwenye malalo yao, ndege wawindaji huja kuokota wanaokufa, nao hufa. Simkatazi mkulima wa mpunga kuomba msaada kundi likizidi. Ninachosema ni kwamba toa taarifa mapema kundi likiwa dogo, na kamwe usiokote kwelea waliokufa kwa dawa ukala au ukauza. Wilayani Kondoa wapo wanaowanasa kwa nyavu na kuwala. Huko ni kupunguza hasara na kupata kitoweo bila tone la sumu.

Kama unadhani natia chumvi, chukua mfano wa Uingereza. Mwaka 1960 hivi wafugaji wa njiwa huko walilalamika kwamba kozi wamezidi na wanawamalizia njiwa wao. Mtafiti Derek Ratcliffe akaongoza zoezi la kuwahesabu kozi nchi nzima mwaka 1961 na 1962. Matokeo yakawa kinyume: kozi walikuwa wanatoweka. Chanzo kilikuwa viuatilifu vya mashambani, ikiwemo DDT, ambayo wazee wetu wa pamba wanaikumbuka. Dawa iliingia kwa wadudu na nafaka, ikapita kwa ndege wadogo, ikarundikana kwa kozi, na maganda ya mayai yake yakawa membamba kiasi cha kuvunjika chini ya mama anayeatamia. Marekani, ambako kozi walikumbwa na janga hilo hilo, ilipiga marufuku DDT mwaka 1972, lakini kozi hao hawakutolewa kwenye orodha ya walio hatarini mpaka 1999. Miaka 27 ya kurekebisha, kwa nchi yenye fedha.

Hesabu vifaranga wako vizuri

Nakuomba ufanye jambo moja. Tuseme kuku wako ametotoa vifaranga 12. Andika kwenye daftari kila anayepotea na sababu yake: mwewe, paka, kicheche, baridi na mvua, ugonjwa. Mwewe tunamkumbuka kwa sababu anakuja mchana tukimwona. Kideri kinakuja kimya na kufagia banda zima, wakubwa kwa wadogo. Mfugaji anayenunua sumu ya mwewe lakini hajachanja kideri amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Hivi ndivyo vya kufanya:

1. Chanja kideri. Chanjo ya I-2 ni tone moja jichoni, rudia kila baada ya miezi mitatu. Shirikianeni majirani, kwa maana chupa moja inatosha kuku wengi.

2. Wafungie vifaranga wiki sita hadi nane za mwanzo. Tenga kubwa au kibanda cha miti na wavu kinatosha, na mama yao awe nao. Mwewe anataka kifaranga mdogo aliye peupe. Akishakua na kuota manyoya kamili, hatari inapungua sana.

3. Wape pa kukimbilia. Uwanja uliofyekwa mweupe ni meza ya mwewe. Acha vichaka vifupi, migomba, au weka chanja la chini la majani ambalo vifaranga wanaweza kuingia chini yake.

4. Vuta kamba juu ya uwanja wanapolia chakula, zipishane kama wavu mpana, ning'iniza vipande vya mifuko au sidii kuukuu. Badilisha mahali mara kwa mara, maana ndege huzoea.

5. Fukia matumbo ya kuku na ya samaki. Hili ndilo tunalolisahau. Ukitupa matumbo nyuma ya nyumba kila jioni, umemwandikia mwewe barua ya mwaliko. Anakuja kwa matumbo, anaondoka na kifaranga.

6. Kwa panya, safisha kingo za shamba, inua ghala na weka vizuizi vya bati kwenye nguzo, tumia mitego, hifadhi nafaka kwenye mapipa au mifuko isiyopitisha hewa. Simika nguzo ndefu mbili tatu shambani zenye kipande cha mti juu. Kipanga na bundi watapata pa kukaa na kuvizia.

Wewe mwenye duka na wewe wa dagaa

Mwenye duka, sumu unayopima kwenye vifuko visivyo na lebo, unajua ni nini? Aliyenunua atajua? Kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, biashara ya viuatilifu inataka usajili kwa TPHPA, na dawa iwe iliyosajiliwa. Mteja akikuomba "ya kuulia mwewe", muuzie wavu wa banda. Faida utapata, na mtoto wake atabaki salama.

Wewe unayeanika dagaa, mwewe na makorongo wanakusumbua, naelewa. Anika kwenye vichanja badala ya mchangani, tandaza wavu wa zamani juu yake. Dagaa wanakauka upesi, hawana mchanga, na mnunuzi wa dagaa safi halalamiki kulipa zaidi. Umemzuia ndege na umepandisha bei kwa kazi moja.

Wote mkumbuke pia kwamba ndege wa porini wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kuwaua, kuwakamata au kuwafanyia biashara bila kibali ni kosa.

Uamuzi ni wa kijiji

Wengine huniambia kazi ya kulinda ndege ni ya hifadhi. Tunayo hifadhi ya Saa Nane pale ziwani, mbele ya macho yetu, hifadhi ya taifa tangu 2013. Lakini ni kisiwa kidogo, na ndege hajui mpaka. Analala huko na kula kwako.

Wanavijiji wenzetu wa Nagaland, India, wamekwisha kutuonyesha inavyowezekana. Kuna kozi mdogo, uzito wake gramu 150 hivi, anayeitwa kozi wa Amur. Anazaliana kaskazini mwa China na Siberia, kisha kila mwaka anavuka Bahari ya Hindi kuja upande wetu wa Afrika kula kumbikumbi na panzi msimu wa mvua. Mwaka 2012 wanavijiji wa eneo la Doyang walinaswa kwenye picha wakiwakamata kwa nyavu kwa makumi ya maelfu na kuwauza kitoweo. Ilikuwa biashara yao, tena ya watu maskini. Lakini wazee wa vijiji, makanisa, serikali na wahifadhi walikaa, wakakubaliana, wakaweka faini zao wenyewe. Msimu wa 2013 nyavu hazikutegwa. Ndege waliopona pale ndio wanaopita juu ya mashamba ya Afrika Mashariki.

Kama wao waliweza kuacha biashara, sisi tunashindwaje kuacha kipande cha nyama chenye sumu? Lipelekeni suala hili kwenye mkutano wa mtaa: chambo cha sumu kipigwe marufuku, na siku ya chanjo ya kideri ipangwe kwa pamoja. Mkikubaliana tarehe, niiteni au mwiteni afisa ugani wa kata yenu. Mje na kuku wenu asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali na chanjo haijaharibika.