Kompyuta haijafa, ni Windows imeichoka

Vijana wenzetu, kila tukisema tuweke Linux kwenye kompyuta za kituo, kelele ni ile ile: "Hiyo haichezi gemu, hiyo ni ya watu wa ofisi." Wengi wanaosema hivyo hawajawahi kuiwasha hata dakika kumi. Waliambiwa, na wao wanaambia wengine.

Tuongelee mashini tulizo nazo, siyo zile za YouTube. Ni laptop za mtumba: RAM giga 4, diski ya kuzunguka, hakuna kadi ya grafiki. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel za chini ya kizazi cha 8 karibu zote hazimo kwenye orodha yake. Zetu hazimo. Ndiyo maana sasa tunasikia zitolewe, eti zimepitwa na wakati. Na hizo hizo ndizo tunaombea skolashipu!

Haya, gemu. Kwenye giga 4, Windows ikishawaka tu, hujafungua kitu, karibu nusu ya RAM imekwenda. Bado sasisho zinajishusha zenyewe na kumaliza bando, na antivirusi inapekua diski wakati wewe unapiga penalti. PES inakwamakwama, mnasema mashini ni mbovu. Linux Mint ya Xfce inakuachia RAM zaidi, na ukiiacha ilivyo haisasishi kitu mpaka wewe useme.

Hiyo ya "haichezi gemu" ni habari ya zamani. Mwaka 2018 Valve, wenye Steam, walitoa Proton, programu inayotafsiri amri za gemu ya Windows ili Linux izielewe. Steam Deck yao, iliyoanza kuuzwa 2022, ndani ni Linux. Hao wanakula kwa kuuza gemu, hawawezi kuchezea ugali wao.

Lakini hata mashabiki wa Linux wana uongo wao. Valorant haiendi kule, Fortnite haiendi, sababu ya programu zao za kuzuia wadanganyifu. Tena Proton kwa kawaida inapitia Vulkan, na grafiki nyingi za Intel za zamani hazina Vulkan, ao wanayo nusu nusu. Gemu za DirectX 9 kama GTA San Andreas na PES 2013 unaweza kuzipitisha kwenye OpenGL kwa Wine. Nyingine zitateleza vizuri, nyingine zitapungukiwa fremu kuliko kwenye Windows. Sawa. Ila Valorant na Fortnite, kambini nani anazicheza? Kwa bando gani? Mashini hizi zitahangaika nazo hata na Windows! Tunaikataa Linux kwa ajili ya gemu ambazo hatuna.

Halafu Windows yenyewe tunayoitetea ni ya kukraki, gemu zinakuja kwa flash iliyozunguka vijiji vyote, kesho yake mafolda yamegeuka shotikati na CV ya mtu imepotea. SuperTuxKart ni ya bure, ni halali, na mnashindana watu kadhaa kwa waya ao Wi-Fi ya ndani bila intaneti hata kidogo. 0 A.D. vilevile. Hapa kwetu hilo ni kubwa kuliko fremu kumi za ziada.

Nanyi wa mashirika, msiseme gemu ni kupoteza muda. Kijana anayetafuta kwa nini fremu zinashuka anajifunza draiva, RAM na diski bila kulipwa posho ya semina. Kabla hamjapakia zile laptop kwenye gari, tuachieni mbili zinazofanana, flash moja ya giga 8 na Jumamosi moja yenye sola ya kutosha. Moja ibaki na Windows, nyingine tuweke Mint, gemu moja, meza moja, na namba za fremu tuandike ukutani kila mtu azione.