Plasta ya Rangi Haimsimamishi Mtu

Vikundi vya mazoezi vinavyotoka Mjini Zanzibar kuja kutembea katika msitu wa Jozani vimepata sare mpya. Vijana wanashuka kwenye gari na mistari ya plasta ya buluu, ya waridi na nyeusi magotini, vifundoni na kwenye mashavu ya miguu. Muulize mmoja wao ana nini. Hakuteguka, wala haumwi popote. "Inanishika, siyumbi," atakujibu, na wenzake watamuunga mkono kana kwamba ni jambo lililokwisha thibitishwa zamani.

Halijathibitishwa. Mtu mzima mwenye afya habandikwi uthabiti. Plasta inayovutika haimzidishii usawa wa mwili kwa kiasi chochote cha kujivunia, na wanaoiuza kwa ahadi hiyo wanauza imani.

Imani hiyo ina historia. Plasta yenyewe aliibuni Mjapani Kenzo Kase, mtaalamu wa tiba ya viungo, katika miaka ya 1970, kwa ajili ya wagonjwa wake. Dunia ikaijua kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008: ziligawiwa plasta kwa timu za nchi 58, na bega la Kerri Walsh, bingwa wa Marekani wa voliboli ya ufukweni, likaonekana kwenye televisheni limebandikwa mistari myeusi. Watu wakaona plasta, wakaona medali ya dhahabu, wakaunganisha. Miaka ya jua na mchanga iliyoleta medali ile haikuonekana kwenye picha, kwa hiyo haikupewa sifa.

Watafiti walipokuja kupima, mambo yakawa mengine. Mwaka 2015 watafiti wa Hong Kong walichukua watu 30 wenye afya, wakawafumba macho na kuwaambia kwamba wanachobandikwa ni vipimo vya misuli. Hawakujua kama wana plasta ya kweli, ya uongo au hawana kitu. Nguvu za misuli hazikutofautiana. Huo ulikuwa mtihani wa nguvu, lakini wa usawa nao umefanywa mara nyingi: watu wazima wasio na jeraha husimamishwa kwa mguu mmoja juu ya mizani inayosoma kuyumba kwao, au huambiwa wanyooshe mguu wa pili mbali kadiri wawezavyo, kila upande, bila kuanguka. Kwa sehemu kubwa matokeo ya wenye plasta na wasio nayo hulingana. Pale tofauti inapotokea huwa ndogo, na utafiti unaofuata hauioni.

Sababu si ngumu kuielewa. Mwili hujisimamisha kwa habari za macho, za sikio la ndani, na za nyayo, misuli na viungo. Watetezi wa plasta husema kwamba ikiivuta ngozi, ubongo hupata habari zaidi juu ya kiungo. Kwa mtu ambaye habari hizo zimepungua, hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Lakini mzima amepungukiwa na nini? Vua viatu, simama kwa mguu mmoja, uutazame wayo wako. Kano zinainuka na kuzama chini ya ngozi, vidole vinakamata sakafu na kuachia, kifundo kinapinda ndani na kurudi nje kabla hujakiamuru. Sasa fumba macho uone kazi hiyo inavyoongezeka maradufu. Hakuna pengo hapo linalosubiri kuzibwa na kitambaa chenye gundi.

Nitaambiwa: hata kama haifanyi kitu, si inampa mtu moyo? Ndipo ninapoiogopa zaidi. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, si uwanja wa saruji. Udongo wa msituni hushika maji, na masika mizizi ya mitondoo huwa na utelezi. Ukitoka msituni unakutana na mawe ya matumbawe yenye ncha, na kwenye mikoko ya Pete unapita juu ya njia ya mbao. Anayeamini kwamba ameshikwa hapunguzi mwendo wala haangalii anapokanyaga. Moyo wa namna hiyo ndio unaompeleka mtu hospitali.

Sigombani na waliojeruhiwa. Aliyewahi kuteguka kifundo anasaidika kwa plasta ngumu isiyovutika au kwa kifaa cha kubana. Hivyo vinajulikana kupunguza kuteguka tena. Mtaalamu wa viungo akimwekea mgonjwa wake plasta laini kama sehemu ya tiba, hiyo ni shauri yao wawili. Ugomvi wangu ni na mzima anayeigeuza kuwa badala ya zoezi.

Kwa sababu zoezi lipo, na linafanya kazi. Programu ya FIFA 11+ ya kupasha mwili, yenye kusimama kwa mguu mmoja ndani yake na isiyozidi dakika 20 hivi, imepunguza majeraha kwa wachezaji wanaoifuata bila kukatisha. Na uwezo huu si wa wanasoka peke yao: utafiti wa Brazil uliotolewa mwaka 2022, uliohusu watu zaidi ya 1,700 wa umri wa miaka 51 hadi 75, uliona kwamba walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10 walifariki kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata. Kushindwa huko hakuuwi, lakini ni dalili ya mwili uliokwisha kudhoofika.

Zanzibar ina Siku ya Mazoezi kila Januari 1, na vikundi vyetu havina uhaba wa walimu. Walimu hao wawavulishe watu viatu, wawasimamishe kwa mguu mmoja, kisha wawafumbe macho, kila wanapokutana. Mwenye kupenda rangi na abandike, ni pambo lake. Asimwambie tu mwenzake kuwa hilo ndilo linalomsimamisha.