JE, SINEMA ZINAFICHA SIASA?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niseme machache juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana hapa shuleni tangu mkutano wa wazazi uliopita. Mzazi mmoja alisimama akaomba sinema ya Jumamosi usiku bwaloni ikomeshwe, kwa kuwa picha hizo za wageni zina siasa iliyofichwa ndani yake, nasi vijana twainywa pasipo kujua. Wengi walimpigia makofi. Mzazi mwingine akashauri tuonyeshwe sinema za kufundisha tu. Mkuu wa Shule ameahidi kutoa uamuzi kabla ya kufunga.

Mabwenini nako tumegawanyika. Wako wasemao sinema ni mchezo tu, ya kupumzisha kichwa baada ya hesabu za juma zima. Wako na wale waonao siri kila mahali: pembetatu ukutani ni ishara, jicho ni ishara, hata rangi ya kofia ya mchezaji ni ishara. Mimi naona wote wawili hawajatazama mahali panapostahili kutazamwa.

Siasa hufichwa katika sinema, na jambo hili si uvumi. Mwaka 1945 Mwingereza George Orwell alitoa kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama, tangu Fortunatus Kawegere alipokifasiri mwaka 1967. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, nguruwe wanashika utawala, na kidogo kidogo nguruwe hao wanakuwa wadhalimu kama yule aliyefukuzwa. Mwishoni nguruwe wameketi mezani pamoja na wenye mashamba ya jirani wakicheza karata, na wanyama wanaochungulia dirishani hawawezi tena kutambua yupi ni nguruwe na yupi ni mtu. Orwell alikuwa akimchapa Stalin na wenzake wa Urusi, lakini msomaji makini ataona kwamba wale mabwana wa mashamba ya jirani nao hawakusalimika. Wote wametiwa katika mizani moja.

Orwell alifariki mwaka 1950. Mwaka 1954 ikatoka sinema ya kitabu hicho, ya picha za kuchorwa, iliyotengenezwa Uingereza na John Halas na mkewe Joy Batchelor. Ni kazi nzuri kwa macho, walakini mwisho wake si mwisho wa kitabu. Wanadamu wametolewa pale mezani, wamebaki nguruwe peke yao, na wanyama wengine wanakusanyika, wanaivamia nyumba na kuwaangusha. Kwa nini? Jibu lilijulikana miaka mingi baadaye. Fedha za kutengenezea sinema ile zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, zikapitia kwa mtayarishaji wa Kimarekani, Louis de Rochemont. Zama hizo Marekani na Urusi zilikuwa katika Vita Baridi. Mwenye kulipa hakutaka mtazamaji aambiwe kwamba bepari na mkomunisti wamefanana hata hawatambulikani. Alitaka aambiwe kwamba mkomunisti aangushwe, basi.

Sasa angalieni, ndugu zangu wa pembetatu. Mtu angeweza kuitazama picha ile mara ishirini akitafuta alama, asiambulie kitu. Siasa ilikuwamo katika kile kilichoondolewa, na ili kukiona ilikuwa lazima mtu awe amekisoma kitabu kwanza.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Sinema iitwayo Hatari!, ya Howard Hawks, ambayo mchezaji wake mkuu ni John Wayne, ilipigwa hapa kwetu, upande wa Arusha, nchi ilipokuwa bado Tanganyika ya mkoloni. Ikaanza kuonyeshwa mwaka 1962. Katikati hapo, tarehe 9 Desemba 1961, tulipata uhuru. Inahusu wageni wanaokamata wanyama wa porini kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo. Kila mgeni ana jina, mapenzi na mzaha wake. Waafrika wamo, wanashika kamba, wanabeba, wanacheza ngoma, lakini hakuna hata mmoja ambaye mtazamaji anaondoka akijua alikuwa anataka nini maishani. Ndovu wachanga wamepewa nafasi kubwa kuliko wao! Sidhani kwamba Bwana Hawks aliketi akapanga kutudharau. Alitaka kusisimua watu, na kwa hakika alifaulu, maana kifaru alipolikimbilia gari bwalo zima lilisimama. Hapa hapana jasusi wala fedha za siri. Lakini dunia nzima ilionyeshwa kwamba nchi hii ni ya wanyama na ya wale wanaokuja kuwakamata, katika mwaka uleule tuliokuwa tukijifunza kujitawala. Mimi naona hii ni siasa, na ni nzito zaidi ya ile ya kwanza, kwa sababu hata mwenyewe aliyeitengeneza yamkini hakujua kwamba anaisema.

Tena si lazima ifichwe. Katika Top Gun ya mwaka 1986, jeshi la majini la Marekani lilitoa ndege na manowari zake baada ya kuusoma mchezo na kuridhika nao. Hilo lilijulikana wazi, na vijana walimiminika kuitazama vilevile.

Nikirudi kwa yule mzazi aliyetaka sinema za kufundisha tu, kwa heshima zote namwomba akumbuke Vugiri, katika milima ya Usambara. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa huko sinema za kuwafundisha babu zetu habari za kodi, akiba ya posta na minyoo ya safura, zikazungushwa kwa gari vijijini. Mafunzo mengine yalikuwa mema, maana safura ni ugonjwa kweli. Lakini sinema ya kumweleza mtawaliwa uzuri wa kodi ya mtawala wake, kama hiyo si siasa, siasa ni nini? Jina la kufundisha halikuisafisha.

Kuhusu kukomesha, siku ya kufunga shule kila mmoja wetu atakuta simu au televisheni huko kwao. Atatazama peke yake, usiku, bila mwalimu wa kumwuliza neno. Afadhali tuanzie hapa bwaloni, taa ziwashwe picha ikiisha, na mwalimu wa Historia atuulize kwa nusu saa: fedha zilitoka kwa nani, nani hakupewa neno la kusema, na mwisho ule ulimpendeza nani.

Naomba tuanze na hiyo ya Shamba la Wanyama, Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, ili kila mtu apate muda wa kusoma. Maktaba ina nakala sita. Tano ziko mabwenini, na ile iliyobaki imenyofolewa kurasa za mwisho, ambazo kwa shauri hili ndizo hasa tunazozihitaji. Wenye hizo tano, tafadhali zirudisheni.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne