Chaja ya Betri Nayo ni Siasa

Katika nchi yetu kuna mambo yanayohesabiwa kuwa ni ya siasa na mambo yanayohesabiwa kuwa ni ya dukani. Katiba ni siasa, uchaguzi ni siasa, bandari ni siasa. Betri ya tochi ni ya dukani; na chaja ya kuchajia betri hiyo haihesabiwi kuwa ni jambo lolote. Naupinga mgawanyo huu, na nitaupinga nikiwa nimesimama Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa huko ndiko uongo wake unakoonekana bila ya miwani.

Wapo watakaosema nimechelewa. Watasema kwamba Kigoma, iliyoishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, sasa imo katika gridi ya taifa. Kwamba mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Kasulu kuyazima majenereta hayo. Kwa hiyo habari za betri ni habari za jana. Hoja hii hutolewa na watu wanaodhani nguzo ikisimama barabarani basi nyumba zote za mtaa zimeangazwa. Kati ya nguzo na balbu kuna gharama ya kuunganishiwa, kuna nyaya za ndani, kuna LUKU inayokwisha saa mbili usiku. Hata aliyeunganishwa ana tochi ya kwendea uani, ana redio, ana saa ya ukutani. Nenda Kagunga kaskazini, au Buhingu na Kalya kusini, vijiji ambavyo kwa vizazi vingi barabara yao ni maji, kisha uwaeleze wenyeji kwamba tochi imepitwa na wakati.

Na gridi gani itakayomfuata mvuvi katikati ya ziwa? Uvuvi wa dagaa wa Tanganyika ni uvuvi wa taa. Giza likiingia, mwanga huning'inizwa juu ya maji, dagaa hupanda kuufuata, na wavu huinuliwa. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwani mwezi huishinda taa. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai, iliyokunywa mafuta ya taa usiku kucha. Leo nafasi yake inachukuliwa na taa za LED zinazowashwa kwa betri. Dagaa wanaoanikwa Kibirizi na kupakiwa kwenda miji ya mbali, kwa kiasi kikubwa, ni dagaa wa betri iliyochajiwa ipasavyo. Ikichajiwa vibaya, mtumbwi unarudi na giza lake. Kisha mtu anatuambia hili ni jambo la dukani!

Sasa tuingie dukani kwenyewe, maana wasomi tuna tabia ya kusimama mlangoni.

Mwananchi anaambiwa kila siku, na mashirika, na redio, na sisi wahadhiri, kwamba aache betri za kutupwa atumie za kuchaji. Ushauri mwema. Lakini betri ya kuchaji haina faida katika kuchajiwa mara ya kwanza wala ya kumi, kwa sababu mnunuzi amelipa fedha nyingi kwa mkupuo, za betri na za chaja. Faida yake imo katika mara ya hamsini, ya mia na kuendelea. Betri ya nikeli iliyotengenezwa vyema inaweza kuchajiwa mamia ya mara. Kinachoamua kama itafika huko, mbali na ubora wake wenyewe, ni chaja. Na chaja inayopatikana kwa wepesi kabisa mezani ni ile ya plastiki nyepesi, yenye plagi mgongoni na taa nyekundu inayowaka tangu mwanzo hadi mwisho, betri ikiwa tupu, ikiwa imejaa, au ikiwa inaungua. Chaja hiyo haijui kitu. Inasukuma umeme mpaka mtu akumbuke kuichomoa.

Iliyo ghali kidogo ina saa ndani yake: inahesabu, tuseme, saa kumi na nne, halafu inakata. Hiyo yaweza kufaa katika nchi ambazo umeme haukatiki. Fikiri inavyokuwa kwetu. Betri ya mAh 2,000 imewekwa jioni katika chaja inayotoa miliampia 200. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kuwa joto, inahitaji saa kumi na nne hivi kujaa. Saa ya kumi umeme unakatika. Baada ya muda unarudi. Chaja imesahau yote. Inaanza kuhesabu upya tangu moja, na betri iliyokuwa karibu na kujaa inasukumiwa umeme saa nyingine kumi na nne. Usiku kama huo ukijirudia mara kadhaa, betri inakufa, na mwenye nyumba anahitimisha kwamba betri za kuchaji ni utapeli. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Ujiji, alilisema hili vizuri kuliko mimi: "Mwalimu, kwetu betri za kuchaji zina kasoro moja tu, hazichajiki." Darasa likacheka. Haikuwa mzaha.

Kuna kasoro nyingine ambayo watengenezaji hawaisemi. Chaja nyingi za bei ya chini huchaji betri mbili mbili, zikiwa zimefungwa katika mkondo mmoja kana kwamba ni betri moja. Lakini tochi nyingi zinazouzwa leo zinatumia betri tatu. Ya tatu iende wapi? Inangoja, kisha inaunganishwa na mojawapo ambayo imekwisha kujaa. Moja inazidishiwa, nyingine inapunjwa. Zikirudishwa katika tochi, ile dhaifu inaburuzwa na zenzake mpaka inaharibika. Kwa hiyo anayeniuliza achague nini namjibu bila kumzungusha: achague chaja inayopima kila betri peke yake na kukata yenyewe pale betri inapojaa, kwa kutambua ule mshuko mdogo wa volti unaotokea wakati huo, yenye taa moja kwa kila betri, na inayokubali volti 5 kama zile za simu, ili umeme ukikatika aweze kuichomeka kwenye sola ndogo. Asitishwe na sifa ya kuchaji "kwa dakika chache". Haraka hiyo huzaa joto, na joto ndilo adui. Wala asichanganye betri za nikeli na za lithiamu katika chaja isiyoandikwa kwamba inazimudu zote. Huo si uchumi, ni moto.

Kuhusu maandishi ya betri zenyewe, hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ile betri ya lithiamu ya mviringo, nene milimita 18 na ndefu milimita 65, inayotumika katika tochi kali, inauzwa ikiwa imeandikwa mAh 9,900. Betri nzuri za umbo hilo zina kati ya 2,000 na 3,600 hivi. Namba ile si chumvi ya matangazo. Ni uongo uliochapishwa kiwandani, ukapita baharini na bandarini, ukapanda reli zaidi ya kilomita 1,200, na kuwekwa mezani mbele ya mtu asiye na kifaa cha kuupima. Vivyo hivyo zile betri kubwa za redio za kuchaji: baadhi yake, ukizipasua, ndani kuna betri ndogo ya rimoti iliyovishwa koti pana.

Hapa ndipo wapenzi wa soko huria hutuambia: mnunuzi mwerevu atajifunza, muuzaji mbaya ataanguka. Labda Dar es Salaam, ambako mtu anaweza kurudi Kariakoo kesho yake na kugomba. Kigoma ni mwisho wa reli. Tangu reli ilipoufikia mji mwaka 1914, vitu huja huko kwa safari ndefu, hata meli ya Liemba ilikuja vipande vipande kutoka Ujerumani. Lakini njia ya kurudisha kitu kibovu haijajengwa bado. Waranti ya chaja iliyonunuliwa Ujiji inaishia mlangoni. Muuzaji mwenyewe, mara nyingi kijana mwenye meza na mwavuli, hajui alichouziwa. Kumlaumu yeye ni kumpiga punda kwa kosa la mwenye mzigo.

Tuna Shirika la Viwango, TBS, na tuna utaratibu wa kukagua ubora wa shehena kabla hazijaondoka huko zitokako. Basi namba ya 9,900 ilipitaje? Kuipima hakuhitaji maabara ya anga za juu. Kunahitaji kifaa kidogo, saa chache na nia. Na tusiambiwe kwamba serikali yetu haina ubavu. Tarehe 1 Juni 2019 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mifuko ikatoweka masokoni mbele ya macho yetu. Iliyoweza kumnyang'anya mama muuza nyanya mfuko wake inaweza kumwuliza mwagizaji wa makontena namba alizoandika.

Betri zikifa, huenda wapi? Sitaki kutia chumvi: betri ya kawaida ya redio ya siku hizi ina zinki na manganizi zaidi kuliko sumu kali. Lakini betri za nikeli za aina ya zamani zina kadmiamu, na betri za magari na pikipiki zina risasi. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliijua risasi hiyo kupitia kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu ubavuni mwa nyumba zao. Watoto waliathirika damu, Phyllis Omido akapigana miaka, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Sisi tuna ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, ambalo mto pekee unaolitoa maji ni Lukuga, upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo karne nyingi. Kinachozama hapo hakipiti kwenda kwa jirani. Kinabaki kwetu, na kwa Warundi, Wakongo na Wazambia tunaolishirikiana.

Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mvuvi alitii, akakaa pwani, akabeba gharama. Yeye ametakiwa kulipumzisha ziwa. Nataka kujua mwagizaji wa betri ametakiwa kufanya nini. Ninachodai kwa upande wake ni vitu vya kawaida kabisa: chaja isiyokata yenyewe isiingizwe nchini; namba iliyoandikwa kwenye betri ipimwe, na inayodanganya irudi ilikotoka kwa gharama ya aliyeileta; na Manispaa ya Kigoma Ujiji iweke, Kibirizi na Katonga, mahali pa kupokelea betri zilizokufa, papo hapo ambapo mitumbwi hutia nanga alfajiri, kwa fedha za waagizaji na si kwa ushuru mwingine juu ya kila ndoo ya dagaa.