Tafsiri Nayo Ihesabiwe

Mfasiri aliyeko Nairobi anapomtafsiria mteja wa London mkataba kwa Kiswahili, Kenya huwa imeuza huduma ng'ambo. Hata hivyo, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa takwimu za biashara ya huduma wa mwaka 2010 umetia tafsiri na ukalimani katika fungu la "huduma nyinginezo", pamoja na ulinzi na usafishaji wa majengo. Ajabu ni kwamba uainisho wa bidhaa wa Umoja uo huo unaipa kazi hii nambari yake, 8395. Viwango hivi vinaporekebishwa, wanatakwimu wetu hawana budi kuidai tafsiri fungu lake. Waama, mali bila daftari hupotea bila habari. Tutaishawishije serikali igharimie mafunzo ya wafasiri ilhali pato lao halionekani?