Kijaluba Kimeuzwa, na Kilichomo Je?

Mapema mwaka 2025 Askofu wa Assisi, huko Italia, aliwapelekea waendesha mashtaka wa Perugia malalamiko juu ya mnada uliokuwa ukifanyika kwenye intaneti. Kilichonadiwa hakikuwa dhahabu wala shamba. Zilikuwa nywele. Ilidaiwa kuwa ni nywele za kijana Carlo Acutis, aliyefariki Oktoba 2006 kwa saratani ya damu akiwa na umri wa miaka 15, na ambaye wakati ule Wakatoliki walikuwa wakingoja atangazwe kuwa mtakatifu. Bei ilikuwa imekwisha pita yuro 2,000. Askofu alisema hajui kama nywele hizo ni za kweli au ni za bandia, lakini ikiwa ni za bandia, basi pamoja na ulaghai kuna tusi kwa imani ya watu. Kijana huyo alitangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba mwaka huo huo.

Najua baadhi ya wasomaji wangu, wakiyasoma haya na kikombe cha kahawa mkononi, watatabasamu na kusema hayo ni mambo ya Manasara wenyewe. Nami nawaomba wasiharakishe kucheka. Sisi tuliokaa chuoni tukaisoma Suratul Baqara twaijua habari ya Taluti na lile sanduku, tabuti, lililokuwa na utulivu kutoka kwa Mola na mabaki ya walivyoviacha jamaa wa Musa na jamaa wa Haruni. Twaijua kanzu ya Yusufu iliyotiwa usoni pa Yaakubu akarudi kuona. Kule Istanbul, katika kasri la Topkapi, limehifadhiwa joho linalonasibishwa na Mtume wetu (rehema na amani zimshukie). Na huko Srinagar, Kashmiri, unywele unaonasibishwa naye ulipoibiwa Hazratbal tarehe 27 Desemba 1963, watu walijaa njiani kwa kilio na ghadhabu, mpaka ulipopatikana tarehe 4 Januari 1964. Wako wanavyuoni wanaoyakataa mambo haya na wako wanaoyakubali, na ukurasa huu si mahali pa kuwaamua. Ninalosema ni kwamba kukipenda kilichoguswa na mpendwa si jambo la Manasara peke yao. Linalonishughulisha mimi ni ule mnada.

Tukianze kitu chenyewe. Wakatoliki huyaita masalia. Ya daraja ya kwanza ni mwili wa mtakatifu au kipande chake: mfupa, damu, unywele. Ya pili ni vitu alivyovitumia, kama nguo. Ya tatu ni vitu vilivyogusishwa na hayo. Masalia hutiwa ndani ya chombo, na vyombo hivyo ndivyo vinavyowatoa wakusanyaji roho. Viko vikubwa kama jeneza, viko vya umbo la mkono au kichwa cha binadamu, vya fedha na vito, na viko vidogo mno, vya mviringo, vya shaba na kioo juu, mithili ya vile vijaluba walivyovifuta bibi zetu kwa ndimu na majivu. Nyuma ya kijaluba hupitishwa uzi mwembamba, ukafungwa kwa lakiri nyekundu yenye mhuri wa askofu au mkuu mwingine wa kanisa, na pamoja nacho huandamana cheti kinachotaja jina la mtakatifu. Lakiri ikivunjika, cheti kinapoteza nguvu zake.

Sheria ya kanisa haina kigugumizi. Baraza la Laterano la mwaka 1215 lilikataza masalia ya kale yasiuzwe wala yasionyeshwe nje ya chombo chake. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, katika kifungu cha 1190, yasema ni marufuku kabisa kuyauza, na mwaka 2017 Vatikani ilitoa maagizo mengine ya kukaza uzi huo huo. Lakini mnada una ulimi wake. Mchuuzi atakwambia: mimi nauza kijaluba tu, fedha na kioo, na kilichomo ndani nakupa bure kama zawadi. Sisi watu wa pwani, tuliozaliwa baina ya wafanyabiashara, twaijua hila hiyo tangu tukiwa wadogo. Riba nayo huvishwa kanzu ikaitwa hidaya.

Bidhaa yenyewe yatoka wapi? Mapinduzi ya Ufaransa yalivunja hazina nyingi za makanisa, na katika zama zetu makanisa na nyumba za watawa zimefungwa Ulaya, zikaacha makabati ambayo hakuna anayeyataka. Wanunuzi ni wa namna mbili. Yupo anayependa ufundi, ambaye kwake mfupa ni adha tu iliyo ndani ya kazi nzuri. Na yupo Mkatoliki mchaji anayenunua ili ayakomboe masalia yasiangukie mikono ya wasioyajali. Huyu wa pili namwonea huruma zaidi, kwa kuwa kila akikomboa kimoja humfundisha mchuuzi kwamba wakombozi wapo na wana pesa, na mchuuzi hurudi na vitatu.

Wala biashara hii si ya jana. Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa alilipata taji la miiba, linalonasibishwa na Nabii Isa, mwaka 1239, likiwa limewekwa rahani kwa wafanyabiashara wa Venice na mtawala wa Konstantinopoli aliyefilisika. Gharama yasemwa ilikuwa livre 135,000, ilhali kanisa zima la Sainte-Chapelle alilolijenga kulihifadhi liligharimu kama 40,000. Taji hilo ndilo lililookolewa Notre-Dame ilipoungua tarehe 15 Aprili 2019.

Na hao Wavenice wana kisa kingine, ambacho wao wenyewe wamekichora kwa vijiwe vya rangi katika kanisa lao kuu. Mwaka 828, yasimuliwa, wafanyabiashara wao wawili waliuiba mwili wa Marko, mwandishi wa Injili, kutoka Iskandaria. Ili kuwapita maofisa wa forodha Waislamu waliufunika kwa nyama ya nguruwe, na maofisa wakarudi nyuma wakipiga kelele za khanziri, khanziri. Mimi huwalaumu zaidi maofisa. Aliyeipita forodha kwa hila hiyo alikuwa ameisoma dini yetu vizuri kuliko wao walivyoisoma biashara yake. Mwaka 1968 Papa Paulo wa 6 alirudisha sehemu ya masalia hayo kwa Wakopti wa Misri, bila ya bei.

Mfano wa karibu zaidi na mifuko yetu ni lile kasha la Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury aliyeuawa mwaka 1170. Kasha hilo lilitengenezwa Limoges yapata mwaka 1180, la shaba iliyopakwa dhahabu na rangi ya buluu iliyochomwa motoni. Katika karne ya 20 likawa mali ya mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli wa Uingereza, uliokuwa ukinunua kazi za sanaa kama rasilimali! Lilipouzwa mwaka 1996 bei ilizidi pauni milioni 4, na sasa liko London katika jumba la Victoria and Albert. Ndani yake hamna kitu. Chombo kimefika salama, na aliyetengenezewa hayumo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikamate kalamu. Sisi twaita bilauri gilasi ya kunywea maji, lakini neno hilo kwa Kiarabu ni jiwe, jiwe jeupe linalopenya mwanga kama maji yaliyoganda. Al-Biruni, katika karne ya 11, ameandika kwamba bilauri ililetwa Basra kutoka visiwa vya Zanji na visiwa vya Dibajat, yaani upande wa Maldivi. Zanji ndiko huku kwetu. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata vipande vyake vingi Dembeni, kisiwani Mayotte, na jiwe lenyewe lilipatikana Bukini. Likapanda majahazi likaenda kaskazini, na mafundi wa Kairo katika dola ya Fatimi wakalichonga birika na vichupa vyembamba ajabu, wakaandika dua ubavuni.

Hazina ya Fatimi iliporwa miaka ya 1060, wakati wa Khalifa al-Mustansir, askari walipodai mishahara yao. Vitu vikatawanyika, vingi vikafika Ulaya, na makasisi wa huko, walipoona jiwe safi linaloonyesha kilichomo ndani, wakasema hili ndilo linalofaa kutia masalia. Ndiyo maana leo Nuremberg, Ujerumani, katika jumba la makumbusho, kuna chombo cha masalia kilichotengenezwa Venice katika karne ya 14 chenye hilali ya bilauri, na juu ya hilali hiyo limechongwa kwa Kiarabu jina la Khalifa al-Zahir, aliyetawala kutoka 1021 hadi 1036. Msomaji atafakari: mfupa wa mtakatifu wa Kinasara, ndani ya kazi ya Mwislamu wa Misri, na jiwe ambalo huenda lilipakiwa na baharia wa pwani hii.

Na kuhusu kusoma, Cadouin, Ufaransa, kulikuwa na kitambaa kilichozuriwa kwa mamia ya miaka kama sanda ya Nabii Isa. Wafalme walikiendea. Katika miaka ya 1930 ndipo mapambo ya kingo zake yalipochunguzwa na wajuzi, ikaonekana kuwa si mapambo bali ni maandishi ya Kikufi: bismillahi, shahada, na jina la Khalifa al-Musta'li wa Misri, aliyetawala mwishoni mwa karne ya 11. Askofu akausimamisha msafara wa mahujaji. Kitambaa hicho kilikuwa na cheti chake mwilini miaka yote hiyo, na mtoto yeyote wa chuoni aliyehitimu juzuu ya Amma angalitambua neno la kwanza.

Chuoni tulifundishwa kwamba hadithi bila isnadi ni maneno ya njiani. Nani kamsikia nani, na huyo naye kasikia kwa nani. Wakatoliki wameijenga isnadi yao kwa uzi, lakiri na mhuri, na soko la antika hustawi pale inapokatika, kwani muuzaji asiyeulizwa alikipata wapi aweza kukiita kitu chochote kwa jina lolote. Mwaka 2008 nyumba moja ya mnada Uingereza iliiorodhesha birika ya bilauri ya Fatimi kama jagi la divai la Kifaransa, kwa makadirio ya pauni 100 hadi 200. Walioitambua walishindana hadi pauni 220,000, mauzo hayo yakatanguliwa, na ilipouzwa tena London mwaka huo huo ilipata zaidi ya pauni milioni 3. Jiwe halikubadilika. Kilichobadilika ni kujua lilikotoka.

Majirani zetu Wagiriama wameionja hasara hii kwa vigango vya wazee wao, vilivyong'olewa makaburini vikauzwa kwa watalii na kuishia Marekani. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la jimbo la Illinois lilirudisha 37. Kurudi ni jambo jema, lakini kigango kisichojulikana kilisimama kwa ajili ya nani na katika mji gani kitarudi Kenya bila kurudi nyumbani. Na sisi je, tunaouza misahafu ya mkono ya Pate na Siyu, je, tunaandika hata jina la aliyeinakili kabla ya kumkabidhi mgeni?

Kanisa la Quedlinburg, Ujerumani, lilikuwa na orodha. Mwaka 1945 luteni wa jeshi la Marekani, Joe Tom Meador, alivichukua vitu 12 vya hazina yake kutoka pangoni vilikofichwa, vikiwemo vyombo vya masalia vya bilauri, akavipeleka kwao Texas kwa posta ya kijeshi. Alifariki mwaka 1980. Warithi wake walipotaka kuviuza vikatambuliwa, kwa sababu vilikuwa vimeandikwa na kuchorwa tangu zamani, na ingawa Wajerumani walilipa karibu dola milioni 3 kuwaridhisha, hazina ilirudi kanisani mwaka 1993. Vilirudi vitu 10. Viwili havijaonekana, na mmoja wa wanaohudhuria minada hiyo huenda amekwisha kuviweka kabatini.