MGUU WA NYUMBA KWANZA, BATI BAADAYE

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Mahindi yako ndani, alizeti imepimwa, na fedha zimeanza kuingia mifukoni. Ukipita njiani siku hizi maneno ni hayo hayo: bati. Huyu kaagiza bati kumi, yule ishirini. Ni jambo jema, wala sipingi. Mtu aliyelima anastahili kulala pasipovuja. Lakini nawaomba msome ubao huu mpaka mwisho kabla hamjapanda gari kwenda mjini, maana naona tunataka kumvika mgonjwa kofia mpya na huku miguu yake ina vidonda.

Nyumba zetu nyingi ni za tofali mbichi, au za miti na udongo. Nyumba ya namna hii huanza kufa mguuni. Tone la mvua likidunda chini huruka na kulamba ukuta. Mwaka huu kidogo, mwaka ujao kidogo, mpaka ukuta chini unakuwa mwembamba kuliko juu. Nendeni mkatazame kona ile inayopigwa na mvua. Kama kiganja kizima kinaingia kwenye shimo, basi nyumba hiyo inasimama kwa mazoea tu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo muuza duka hatawaambia. Bati linaongeza kazi ya mguu. Nyasi hunywa maji kwanza, kisha hudondosha polepole. Bati halinywi. Maji yote ya paa yanashuka kwa mkupuo na kuchimba chini ya upenu. Tena kwa kubana matumizi tunakata upenu mfupi, maji yanaanguka karibu kabisa na ukuta. Kwa hiyo mwenye bati jipya juu ya mguu mbovu amenunua haraka ya kuanguka.

Maoni yangu ni haya mawili. Kwanza, kila nyumba itengenezwe mguu kabla ya mvua za Novemba, hata kama bati litasubiri mwakani. Pili, ushirika wetu ununue sanduku moja la vifaa vya ufundi, litumike na wanachama wote. Najua wapo watakaouliza, Katibu wa tawi na bawaba wapi na wapi? Nawajibu kwamba ukuta ukianguka usiku huangukia watoto, na mvua haiulizi kadi. Tangu mwaka 1992 nchi yetu ina vyama vingi, na hapa kijijini tuko wa namna zote. Udongo wetu ni mmoja.

Kazi ya mguu haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mikono na siku chache.

Kwanguaneni udongo uliolegea mpaka mfikie ulio mgumu. Lowesha hapo kwa maji, maana udongo mpya haushiki kwenye udongo mkavu. Jaza shimo kwa mawe madogo au vipande vya tofali pamoja na tope zito, ugongee kwa nguvu. Ndipo mkandike. Mchanganyiko unaotufaa hapa ni madebe matatu ya udongo wa kichuguu, debe moja la mchanga, debe moja la samadi mbichi ya ng'ombe, na nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole. Kanyageni, muache siku tatu au nne huku mkilowesha, kisha mkanyage tena. Udongo haufanani kila mahali, kwa hiyo jaribu kwanza pahali padogo. Ukikauka na kupasuka nyufa nyingi, ongeza mchanga. Paka mara mbili. Mkono wa kwanza ukikauka, mkono wa pili unaziba nyufa zilizobaki.

Halafu shindilia udongo kuzunguka nyumba uwe na mteremko wa kukimbiza maji, na chimba mtaro hatua moja au mbili kutoka ukutani. Upenu usipungue sentimita 60. Na jamani, acheni kuchimba udongo wa kukandikia pale pale ubavuni mwa nyumba! Unatengeneza ukuta kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto unauchimbia kaburi. Lile shimo litajaa maji, maji yataingia chini ya msingi, na mbu watakushukuru.

Kuna wenye uwezo kidogo ambao wamepaka saruji juu ya ukuta wa udongo, na majirani wanawasifu kwamba nyumba imekuwa ya kisasa. Mimi naona ni hasara. Saruji ni ngumu, udongo unavimba na kusinyaa. Hawaendi pamoja. Ufa mdogo ukitokea, maji yanaingia nyuma ya saruji na hayana njia ya kutoka. Udongo unaoza ndani kwa ndani huku nje panang'aa. Siku moja kipande kizima kinabanduka na nusu ya ukuta. Mwenye mfuko mmoja wa saruji autumie kwenye mawe ya msingi au sakafu ya baraza, na akumbuke kuilowesha saruji kila siku kwa muda wa siku saba. Saruji iliyokauka mapema kwa jua haina nguvu.

Mchwa nao ni adui wa mguu. Njia zao za udongo ukutani zifagiliwe kila wiki, usisubiri wafike kwenye kenchi. Kuni na magunzi visilundikwe ukutani, maana hapo ndipo wanapojificha. Nguzo ya baraza isimame juu ya jiwe, isizikwe mbichi. Wengi tunapaka nguzo oili chafu ya magari. Inasaidia, lakini ina sumu. Isipakwe kwenye ghala la chakula, isimwagwe karibu na kisima, na watoto wasiichezee.

Nikija kwenye bati lenyewe, kwa wale ambao miguu ya nyumba zao ni mizima, nina machache. Ulizeni geji. Namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko geji 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Wengi hudhani ni kinyume, wakafurahia namba kubwa. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji yanapita. Bati la juu lilalie la chini angalau sentimita 15. Na anayepanda ngazi awe na mtu wa kuishika chini. Tumeshuhudia mikono iliyovunjika, hatuhitaji mfano mwingine.

Kwenye mbao, ubaya wetu ni haraka. Mbao mbichi ikifanywa mlango leo, kwa kiangazi kimoja itapinda kama mkia wa mbwa. Zipangeni kivulini, kila safu itenganishwe na vijiti ili upepo upite, mpaka zikauke. Misumari isipigwe yote kwenye mstari mmoja wa mti, mbao itapasuka. Na mlango ukianza kuburuza, usikimbilie kukata chini. Tazama bawaba kwanza. Mara nyingi skrubu zimelegea kwa sababu tundu limepanuka. Toa skrubu, gongea kijiti kikavu ndani ya tundu, ukate kilichozidi, rudisha skrubu. Ni kazi ya nusu saa, na mlango unarudi mahali pake. Aliyekata chini, kiangazi kikija ana uwazi wa kupitisha nyoka.

Haya siyo ya majumbani tu. Ghala letu la ushirika lina bati mbili zilizotoboka, na ukuta wa nyuma umelambwa chini. Mahindi yakilowana huota ukungu, na ukungu ule unaweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu waliugua kwa sumu hiyo, na wengine wakafa. Sumukuvu haiishi kwa kupika ugali. Kwa hiyo tundu moja la msumari juu ya magunia si jambo dogo. Magunia yawekwe juu ya chaga, yasiguse ukuta, na paa lizibwe mwezi huu.

Sasa turudi kwenye sanduku la vifaa. Nimesikia pingamizi, tena kutoka kwa watu wenye busara: "Kitu cha wote hakina mwenyewe. Nyundo itapotea, msumeno utarudi bila meno." Ni kweli yanatokea. Lakini hebu tutazame hali yetu ilivyo. Kijiji kizima kina randa ngapi? Ukitaka kunyoosha mlango mmoja unakodi fundi, na fundi naye yuko mahali pengine, basi mlango unakaa hivyo hivyo mpaka uoze. Hakuna sababu ya kila nyumba kununua pima maji ya kutumia mara moja kwa mwaka. Nyundo mbili, msumeno, randa, patasi, koleo, mwiko, timazi, pima maji, futi na ngazi moja vinatosha kijiji kwa zamu.

Dawa ya kupotea ni daftari. Anayeazima aandike jina lake kwa mkono wake, kifaa, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Anayeharibu analipa. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na wenzangu wa darasa lile mpo hapa. Tulijifunza ili tutumie. Napendekeza daftari hilo litunzwe na mmoja wa wanakisomo, na atakayezoea kutia dole gumba ajifunze jina lake kwa ajili ya nyundo. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi kusikiliza redio na kusoma, halafu wakainuka kuchimba vyoo. Somo lilimalizikia kwenye jembe. Na hili letu limalizikie kwenye mwiko.

La mwisho ni la wazee na wajane. Wapo wasio na mtu wa kukanyaga tope wala kupanda paa. Bila msaragambo nyumba zao ndizo zitakazoanguka kwanza, nasi tutakuja kuchanga fedha za msiba wakati tungeweza kuchanga nguvu za siku moja. Napendekeza kila kitongoji kihesabu nyumba hizo, na zianze hizo kabla ya zetu.

Katika mkutano mkuu wa wanachama nitaomba mambo matatu yapigiwe kura: ghala lizibwe mwezi huu, sanduku la vifaa linunuliwe, na siku ya msaragambo ipangwe. Mwenye maoni tofauti aje ayaseme mkutanoni, au ayaandike hapa ubaoni chini ya haya yangu. Nafasi nimeiacha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii kila mtu hapa anaijua. Kutoka leo mpaka Novemba tuna muda wa kuitenda.

Wenu katika ujenzi wa kijiji,
Katibu wa Tawi